Fundi Nijibu: kigari chepesi, traki, na vifaa vya kujitengenezea

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kitu kilekile, watu wana vigari vyepesi vya siti mbili, wana grenda na mashine ya kuchomelea nyumbani, na wanataka kwenda kukimbiza traki, yaani kwenye uwanja wa mbio, bila kununua kila kitu dukani. Haya twende.

SWALI: Fundi shikamoo. Nina Mazda MX-5 toleo la kwanza, ile ya taa za kuchomoza. Nataka niigeuze ya traki na vitu vingi nitengeneze mwenyewe, breketi za siti, rolibaa (tao la bomba la kukulinda gari ikipinduka), spilita ya mbele (lile bamba linalochomoza chini ya bampa), mifereji ya kupoza breki, hata kontroli amu (mikono inayoshikilia tairi) naona kama naziweza. Mashine ya kuchomelea ninayo, drili ya mezani ninayo, na muda upo. Nianze na kipi?

JIBU: Marahaba. Orodha yako nzuri ila umeweka kwenye kapu moja vitu ambavyo havifai kukaa pamoja. Mimi kabla sijawasha grenda nauliza hivi: hiki kitu kikikatika niko spidi 150 katikati ya kona, nini kitatokea? Mfereji wa hewa ukichomoka breki zitapata moto zaidi, basi, unarudi pit, pale gari zinaposimama kurekebishwa, unaufunga tena. Kontroli amu ikikatika tairi linaelekea kwake na wewe unaelekea kwako. Kwa hiyo mifereji tengeneza leo hii, kontroli amu nunua, au baki na za kiwandani ambazo kwenye MX-5 si mbaya hata kidogo, weka bushi mpya ngumu kiasi utashangaa gari ilivyobadilika.

Na usije ukaniambia utazitengeneza kwa alumini nene zitakuwa imara. Alumini ya 6061-T6 ukiichomelea, pale pembeni mwa weldi inapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake maana ule ugumu ilioupata kiwandani kwa kupashwa joto unaufuta kwa moto wako mwenyewe, kwa macho huoni kitu, weldi inang'aa vizuri tu. Halafu alumini tofauti na chuma, haina kiwango cha mzigo ambacho chini yake unaweza kuichezesha milele isichoke, kila tuta la pembeni ya traki unalokanyaga linahesabiwa, na siku moja hesabu inatimia.

Rolibaa nayo nunua iliyotengenezwa na watu wa kazi hiyo. Kanuni za FIA, lile shirikisho la mbio za magari duniani, kiambatisho J kifungu cha 253, kwa lile tao kuu zinataka bomba la chuma lisilo na mshono, lililovutwa baridi, la 45 x 2.5 mm au 50 x 2.0 mm. Bomba la kawaida la mageti halimo humo. Likikunjwa vibaya kwenye kona linabonyea, na pale lilipobonyea ndipo litakapojikunja gari ikilala juu chini. Ila kuifunga unaweza mwenyewe, kila mguu ukae kwenye bamba la chuma lisilopungua mm 3 unene na eneo la sentimita za mraba 120, bolti tatu au zaidi za M8 daraja 8.8. Watu wengi wananunua rolibaa nzuri halafu wanaifunga kwenye bati tupu la sakafu na washa ndogo, sasa hapo umenunua pambo.

Breketi za siti ziko katikati. Kama unajua kuchomelea chuma, yaani umeshakata weldi zako ukaangalia ndani zimeshika mpaka wapi, tengeneza kwa chuma cha mm 3 na uzifunge kwenye matundu yale ya kiwandani. Kama weldi zako hujawahi kuzikata, usianze kujifunzia kwenye kitu kinachoshika mgongo wako.

Spilita ndo burudani ya mtu wa gereji ya nyumbani. Plaiwudi nzuri ya mm 12 inatosha kabisa, ina nguvu, inakatika kwa msumeno wa mkono, ikisagika chini unatupa unakata nyingine. Paka rangi au resini kwenye kingo zote maana maji yanaingilia pale. Kipimo changu ni cha kishamba lakini hakijaniangusha: panda juu yake usimame, ikikubeba bila kunesa sana twende. Kumbuka nguvu ya hewa inapanda kwa mraba wa spidi, ukitoka 80 ukafika 160 haizidi mara mbili, inazidi mara nne, kwa hiyo vile viwaya vya kushikilia mbele vifunge kwenye chesisi au kwenye chuma cha bampa, sio kwenye bampa la plastiki. Na ukiweka spilita mbele bila kitu chochote nyuma, kona za taratibu utafurahi halafu kwenye zile za spidi mkia utakuwa mwepesi na utataka kukupita. Weka na kibawa cha nyuma, au spilita ifanye fupi.

SWALI: Breki zangu mizunguko mitatu ya kwanza safi, baada ya hapo pedali inazama mpaka chini. Jamaa wananiambia niweke diski kubwa, nataka kuchonga breketi za kalipa kubwa (zile zinazobana pedi kwenye diski) mwenyewe. Vipimo gani?

JIBU: Vipimo sikupi, maana tatizo lako sio ukubwa wa diski. Pedali kuzama hivyo ni dalili ya oili ya breki kuchemka, imegeuka mvuke, na mvuke unabonyea. Kama pedali ingebaki ngumu lakini gari haisimami, hapo ningesema pedi zimezidiwa na joto. Ni magonjwa mawili tofauti na watu kila siku wanatibu moja kwa dawa ya lingine.

Angalia hesabu. Gari na dereva tuseme kilo 1000, unatoka 160 unashuka 80 kwa ajili ya kona. Hapo umetupa robo tatu ya nishati yote ya mwendo, kama kilojuli 740, na karibu yote imeingia kwenye diski ndani ya sekunde chache, za mbele zikibeba sehemu kubwa. Joto hilo linatosha kuchemsha lita 2 za maji kutoka ubaridi wa kawaida, na wewe unalirudia kila kona kubwa, mzunguko baada ya mzunguko.

Sasa oili ya breki ina madaraja yanayoitwa DOT. Ya DOT 4 ikiwa mpya kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 230, ikishanyonya unyevu kufika kama asilimia 3.7 ya maji kiwango kinashuka mpaka 155. Na inanyonya, hata gari ikiwa imelala. DOT 5.1 ni 260 na 180. Zile za mashindano mpya zinapita 300 ila zinataka kubadilishwa mara kwa mara. DOT 5 ile ya silikoni achana nayo, jina linafanana na 5.1 ila ni kitu kingine kabisa na hazichanganywi. Kwa hiyo kwanza mwaga oili yote ya zamani, toa hewa kalipa zote nne, weka pedi za traki, halafu tengeneza mifereji.

Mfereji ndo kazi yako sasa. Hozi ya kuhimili joto ya kipenyo cha mm 63 mpaka 75, mdomo wake uwe mbele ya bampa sehemu ambayo hewa inagonga kweli, sio kwenye kivuli cha namba. Kule mwisho watu wengi wanaelekeza hewa kwenye uso wa diski, inapoa upande mmoja tu na diski inaweza kupata nyufa. Diski ya mbele ina matundu ya hewa katikati ya bapa mbili, inavuta hewa kutoka kwenye kitovu na kuitupa nje yenyewe ikizunguka, kwa hiyo mpelekee hewa pale kitovuni. Chukua lile bati la vumbi la nyuma ya diski, lifanye kielelezo, kata bati jipya la alumini la mm 2 lenye tundu karibu na hubu, funga kishingo cha bomba hapo na uvute hozi. Kisha zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, gari ikiwa juu ya jeki na tena ikiwa chini, uangalie hozi haisuguani na tairi wala na mpira wa breki. Hapa usiwe na haraka. Hozi ikisugua mpira wa breki umetoka kwenye kundi la vitu visivyo na madhara ukaingia lile la pili.

SWALI: Mimi nina Lotus Elise ya zamani, chesisi ya alumini. Nataka kuchomelea vipande viwili vya kufungia mkanda wa mashindano. Nitumie waya gani?

JIBU: Usichomelee kabisa! Ile chesisi iliyotoka mwaka 1996 ni mabomba ya alumini yaliyounganishwa kwa gundi ya epoksi, ndo maana chesisi tupu ina kilo kama 68 na gari nzima ya mwanzo ilikuwa kama kilo 725. Moto wa kuchomelea unaua gundi kwa eneo kubwa kuliko unavyodhani na hakuna atakayeona kwa nje. Kutoboa toboa pia hapana. Mkanda ufunge kwenye rolibaa yenye bomba la kupitishia mikanda, zipo zilizotengenezwa kwa gari hiyo. Na popote unapoweka bolti ya chuma cha pua kwenye alumini paka grisi maalumu ya kuzuia kutu, bila hivyo maji yakiingia alumini inaliwa taratibu na siku ya kufungua bolti hutaipata. Faiba ya kaboni ikigusa alumini moja kwa moja ni hivyohivyo, weka tabaka la faiba ya kioo katikati.

SWALI: Nina printa ya 3D. Naweza kuprinti kiingizio cha hewa cha injini na mifereji yote, au bora faiba?

JIBU: Inategemea unaprinti na plastiki gani. PLA, ile plastiki ya kawaida ya printa, inaanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, chini ya boneti itakuwa imejikunja kabla hujamaliza kupasha tairi, na hata kwenye dashibodi gari ikiwa imeegeshwa juani inaweza kupinda. ABS au ASA zinafika karibu na 100, kwa mdomo wa mfereji ulio mbele ya bampa zinafaa sana, karibu na ekzosi bado hapana. Ila kwa kiingizio cha hewa cha injini sikushauri, kipande kikimeguka kinaenda kwenye silinda.

Mimi printa naitumia kutengenezea moldi, kitu chenyewe natandika faiba. Kama huna printa chonga moldi kwa foamu. Ila angalia, resini ya poliesta inaiyeyusha foamu nyeupe ya vifungashio mbele ya macho yako, tumia epoksi au ifunge foamu yote kwa tepu kwanza. Na ukitumia epoksi usichukue mkeka wa nyuzi zilizokatwa, gundi inayoshikilia mikeka mingi ya aina hiyo imetengenezwa iyeyuke kwenye poliesta, kwenye epoksi haiyeyuki, faiba inabaki kavu ndani. Chukua kitambaa kilichofumwa. Maski vaa, hasa wakati wa kupiga msasa.

SWALI: Kwenye kona ndefu ya kulia taa ya oili inawaka halafu inazima. Oili iko kwenye alama ya juu. Nipuuzie?

JIBU: Ukipuuzia utanunua injini. Kwenye kona ndefu oili yote inakimbilia ukuta mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, mdomo wa pampu unabaki unavuta hewa, na bearingi za krenki, ile shafti kuu ya injini, zinakaa kavu kwa sekunde hizo. Taa ikiwaka ujue presha ilishashuka zamani, weka geji. Usijaze oili kupita alama sana, krenki itaipiga iwe povu na povu halina presha.

Dawa ya kujitengenezea ni kuweka vizuizi vya bati ndani ya sampu kuzunguka mdomo wa pampu, na vile vilivyo bora vina vimlango vinavyofunguka kuelekea ndani tu, oili inaingia haitoki. Chomelea, usitumie ribiti za kuvuta, kile kipande cha msumari kinachobaki ndani ya ribiti kikidondoka unajua kinapokwenda. Kupima kama krenki haigongi vizuizi, weka vidonge vya udongo wa kuchezea juu yake, funga sampu bila oili, zungusha krenki kwa mkono, fungua uone umebonyezwa wapi. Nafasi ya kijiti cha kupimia oili usisahau kuiacha, nimeona sampu nzuri kabisa ambayo kijiti hakiingii.

SWALI: Nati za nailoni zinarudiwa kutumika?

JIBU: Kwenye kishikio cha spilita rudia kama bado inakaza. Kwenye sasipenshen weka mpya kila ukifungua. Karibu na breki au ekzosi usiweke kabisa, ile nailoni ikipita nyuzi 120 hivi haishiki tena, tafuta nati za kujikaza za chuma kitupu. Ukishakaza kwa spana ya toki piga mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma, ukirudi pit unainama unaangalia tu kama mstari umeachana.