Jibu: Kinyonga wangu miguu inapinda, niongeze balbu?

Mkuu, balbu ya kawaida haitasaidia. Umesema anakaa kwenye tangi la kioo la samaki, kando ya dirisha lililofungwa. Shida ndiyo hiyo: mionzi ya jua iitwayo UVB haipenyi kioo cha dirisha, na balbu ya kawaida haiitoi. Bila UVB mwili hautengenezi vitamini D3, kalsiamu anayokula inapotea bure na mifupa inalainika.

Hapa Mtwara jua tunalo la bure. Wangu yuko kwenye kizimba cha wavu wa madirishani, kirefu kwenda juu kama mita moja, matawi tele ndani. Asubuhi nakitoa uani, nusu juani nusu kivulini, achague mwenyewe. Utamwona analaza ubavu kuelekea jua, ubavu ule unageuka mweusi. Akiachama mdomo, joto limezidi, msogeze upesi. Na usithubutu kukiweka chini ya mkorosho, majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini, watammaliza! Mimi miguu ya kizimba nimeitumbukiza kwenye makopo ya maji, wasipande.

Maji mnyunyizie majanini, bakulini hanywi. Usiku zima taa zote.

Hiyo miguu mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii. Halafu, kibali cha kumfuga unacho?