Mama mkwe anaogopa sakafu yetu

SWALI: Fundi, hujambo? Tumehamia nyumba mpya hapa Mamboleo, Kisumu. Kwenye korido mume wangu alichagua vigae vya umbo la almasi vya rangi tatu: nyeupe, kijivu na nyeusi. Wageni huvipiga picha, maana sakafu huonekana kama masanduku yaliyopangwa ngazi. Lakini mama mkwe alipokuja kutoka Bondo, alifika pale akasimama. Sasa hupita akipapasa ukuta, na usiku hataki kwenda chooni peke yake. Mume wangu anasema ni ukaidi wa uzee. Tuvibandue?
Mke wa mwana, Kisumu

JIBU: Dada, neno hilo la ukaidi limeniuma. Mguu wa mama unalitii jicho, na jicho linaona ngazi.

Mpangilio huo ni wa kale. Warumi waliutandaza Pompeii, mji wa Italia uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 baada ya Kristo. Siri iko kwenye rangi tatu. Tumezoea kuona upande unaopigwa na mwanga ukiwa mweupe na ulio kivulini ukiwa mweusi, kwa hiyo almasi tatu zikikutana tunaona sanduku. Ukizidi kutazama, sanduku hugeuka, kilichochomoza kikawa shimo. Mswisi Louis Albert Necker alieleza mageuzi ya namna hiyo mwaka 1832, alipokuwa akichunguza michoro ya fuwele, yaani madini yenye pande bapa.

Wala msimbembeleze avuke. Eleanor Gibson na Richard Walk, wanasaikolojia wa Marekani, walieleza mwaka 1960 jinsi walivyoweka watoto wachanga 36 kando ya kioo kigumu kilichofunika shimo, mama zao wakiwaita kutoka ng'ambo. Ni watatu tu waliotambaa juu ya shimo lile. Baadhi ya waliobaki walikipapasa kioo, wakakihisi kigumu, na bado wakakataa kuvuka. Ikiwa sauti ya mama mzazi haikutosha, ya mwana na mkewe itatosha?

Kubandua vyote ni hasara. Ondoeni safu za katikati, upana wa kumtosha mtu na mkongojo wake, mlaze vigae vya rangi moja visivyong'aa. Sakafu inayong'aa mzee huweza kuiona kama imemwagika maji. Pesa zikiwa haba, tandikeni zulia lisilo na maua, lenye mpira chini lisiteleze, kutoka ukuta hadi ukuta. Lisiwe jeusi hata kidogo! Baadhi ya wazee huliona zulia jeusi kama shimo, na huenda mkawa mmemwongezea hofu ileile.

Taa ya korido iwake usiku kucha kuanzia leo, kabla hata fundi hajaja.

Kisha mpelekeni akapimwe macho. Huenda ana mtoto wa jicho, ambao hufifisha tofauti za rangi na kumfanya mtu asijue kilichoinuka na kilicho bapa. Hospitali ya Macho ya Sabatia kule Vihiga haiko mbali nanyi, na mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Mumeo ndiye ampeleke.