Kielezi kikae wapi katika sentensi ya Kiingereza?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni karani na huandika barua za ofisi kwa Kiingereza. Hivi karibuni mkuu wangu alizipigia mstari sentensi mbili: "We received yesterday your letter" na "The parcel is ready, the driver will pick up it". Kila neno nimelitafuta kwenye kamusi na nimeliona ni sahihi. Je, kosa ni lipi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Maneno yako ni sahihi, kilichokosewa ni mahali yalipowekwa. Kwetu, "Tulipokea jana barua yako" haimsumbui mtu. Kiingereza hakina uhuru huo, kwa kuwa viambishi vilivyokuwa vikionyesha yambwa (kile kinachotendwa, kama "your letter") katika Kiingereza cha kale vilipotea, kazi yake ikaachiwa mpangilio wa maneno, na sasa yambwa hutambulika kwa kukifuata kitenzi papo hapo. Kielezi kisiingie kati yao, isipokuwa pale yambwa inapokuwa ndefu mno. Andika "We received your letter yesterday", au uanze na "Yesterday".

Vielezi vya marudio, kama "often" na "always", kwa kawaida hutangulia kitenzi kikuu ("He often writes"), lakini hufuata kitenzi "be" ("He is often late"), na penye vitenzi visaidizi hukaa baada ya kile cha kwanza ("He has often been praised").

Sentensi ya pili ni ya aina nyingine, nayo inastahili uangalifu zaidi. "Pick up" ni kitenzi kimoja chenye maneno mawili. Nomino inaweza kukaa kati yake au baada yake, bali kiwakilishi lazima kikae kati: "pick it up". Kumbuka kwamba nasi tunaposema "atauchukua" mzigo, ile "u" ya yambwa tunaiweka ndani ya kitenzi. Hata hivyo, usiitumie kanuni hii kwa "look after", kwa maana "after" ni kihusishi na husemwa "look after it". Kamusi nzuri ya wanafunzi huonyesha kitenzi kipi hutenganishwa.

Nakuomba pia usiidondoshe "up", kama wengi wetu Afrika Mashariki tunavyofanya katika mazungumzo. "Pick" pekee ni kuchuma au kuchagua, kwa hiyo mgeni kutoka Uingereza akiandikiwa "The driver will pick you", anaweza kudhani kwamba dereva atamchagua yeye miongoni mwa wengine.