Kabla hujasaini fomu ya damu ya mwanao

Mama mkwe ndiye aliyeliona. Umeme ulikatika, tukawasha tochi ya simu, akamtazama mjukuu wake akasema, "Mbona jicho la huyu linang'aa kama la paka?" Miezi miwili baadaye jicho hilo la kushoto lilikuwa limeshaondolewa, na la kulia limekutwa na vivimbe vidogo vya kutibiwa. Retinoblastoma. Saratani ya jicho inayompata mtoto mmoja katika kila 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa.

Siku ya tatu wodini akaja dada mmoja na fomu ya kurasa saba, yote Kiingereza. Utafiti wa vinasaba, mama, tunaomba damu ya mtoto, yako na ya baba. Sikuwa nimelala. Nilisaini nimesimama, mtoto mgongoni. Mpaka leo sijapata jibu, na namba ya simu iliyoandikwa kwenye fomu haipatikani.

Siandiki haya ili mkatae. Nilitoa tena, kwa watafiti wengine. Mwaka 1971 daktari Alfred Knudson alikaa na mafaili ya wagonjwa 48 wa saratani hii huko Houston, Marekani, akaangalia nani kaumwa jicho moja, nani mawili, na wakiwa na umri gani. Akaona kwamba seli huharibika mara mbili ndipo uvimbe uanze, na kwamba watoto wengine huzaliwa na kasoro ya kwanza tayari. Jeni yenyewe inayobeba kasoro hiyo, RB1, ilipatikana mwaka 1986. Mafaili yale yalikuwa ya watoto wa watu, kama wetu.

Mara ya pili nilikwenda na daftari. Swali la kwanza: majibu yatarudi kwangu, au yanaishia kwenye ripoti yenu? Kuna tafiti ambazo hazirudishi majibu kabisa, na si kosa, mradi uambiwe mapema. Yakirudi, uliza kama daktari anaweza kuyatumia hivyo hivyo au lazima yarudiwe kwenye maabara ya tiba. Mimi nilikuwa mjamzito, kwa hiyo swali halikuwa la udadisi. Kasoro ya binti yangu ikijulikana, mdogo wake anapimwa damu. Akikutwa hana, anaepushwa kupigwa sindano ya usingizi kila baada ya wiki kadhaa ili achunguzwe macho.

Swali la pili ndilo zito: nani atasomewa majibu, na nani atakuwepo? Damu ya mtoto inataja na watu ambao hawakusaini popote, mashangazi na wajomba. Mawifi zangu walishaamua kwamba ugonjwa umetoka kwetu. Tukakubaliana: tunasikia wawili, mimi na mume wangu, kisha yeye anazungumza na watu wake.

Kasoro ilikuwa kwa binti tu. Kwenye damu yangu haikuonekana, ya baba yake pia haikuonekana. Imeanzia kwake, na ndivyo ilivyo kwa wengi wanaozaliwa nayo. Hata hivyo tuliambiwa inaweza kujificha kwenye baadhi ya mayai au mbegu za mzazi, hivyo mdogo wake alipimwa alipozaliwa. Hana. Mume wangu alimpigia mama yake mbele yangu. Mama mkwe alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mtoto amekula.

Mengine ni ya kawaida ila usiyaruke. Dai fomu ya Kiswahili, lala nayo usiku mmoja. Uliza kibali cha kamati ya maadili, na kama damu itasafirishwa nje ya nchi. Kukataa, au kujitoa baadaye, hakutakiwi kugusa matibabu ya mtoto. Na nauli uliza, usione haya.

Jambo moja sikulipima vizuri. Niliyatafuta majibu kwa ajili yangu, lakini ni ya kwake: kila mtoto atakayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi, na yeye mwenyewe ana hatari zaidi ya saratani nyingine ukubwani. Ana miaka tisa. Nimeanza kumwambia kidogo kidogo. Juzi nilimweleza kwamba kwenye kile kichupa cha damu hawakuandika jina lake, waliandika namba tu. Akataka kuijua. Nimeliandika swali hilo kwenye daftari, Jumanne tukienda kliniki ataliuliza mwenyewe.