Kazi ya likizo kabla ya kitambulisho

Kijana wa miaka 16 nchini Kenya akiuliza kama anaweza kuajiriwa wakati wa likizo bila kitambulisho cha taifa, jibu ni ndiyo. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu kuanzia 16. Wa 13 hadi 15 ni kazi nyepesi tu, isiyomharibia masomo. Kiwandani asiwe kazini kati ya saa 12:30 jioni na saa 12:30 asubuhi mpaka afikishe 18.

Ugumu uko kwenye makaratasi. Kampuni kubwa na supamaketi zitadai kitambulisho na PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), kwa hiyo asipoteze nauli huko. Aanze na duka la mtaani, saiba (duka la kompyuta na intaneti), kinyozi au kibanda cha nguo katika soko la Gikomba, Nairobi, aende mwenyewe katikati ya wiki asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Abebe nakala ya cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha shule na namba ya mzazi. Mwenye saiba humwangalia kwanza anavyochapa na kuskani, basi afanye mazoezi nyumbani. Kazi ya chakula inahitaji cheti cha afya, na hukaguliwa kweli.

Wakubaliane malipo ni ya siku au ya wiki, na yanaingia M-Pesa ya nani. Apige hesabu ya nauli pia: akilipwa 400 na matatu imle 160 kwenda na kurudi, amebaki na 240 kabla ya chakula, na mvua ikinyesha jioni nauli hupanda. Akiambiwa atoe pesa ya "usajili" ndipo aanze, huyo ni tapeli.