Barua kwa mwanangu: viti vinavyoliwa na mlima

Mwanangu Atupele,

Barua yako nimeipata, nasi huku hatujambo. Umeuliza kwa nini usafiri wa ndege ndogo Nyanda za Juu Kusini umekuwa ukichipua na kunyauka tangu enzi za mkoloni, na kwa nini Caravan, ile ndege ndogo ya viti 12, yaweza kuondoka mchana ina viti vitupu huku watu wakiambiwa imejaa. Majibu ya maswali hayo ni mamoja: urefu wa nchi yetu kutoka usawa wa bahari.

Imperial Airways ya Uingereza ilipoanza safari za London hadi Cape Town mwaka 1932, ndege zilipita Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha Mpika, Zambia ya leo. Kwa viwanja hivi vya juu na vyenye joto waliundiwa ndege iitwayo Atalanta. Ilikuwa na injini 4, ikabeba abiria 9 tu. Tafakari hesabu hiyo. Mwaka 1937 Imperial ikahamia pwani kwa ndege za kutua majini, na bara ikaachiwa ndege ndogo. East African Airways ilianza 1946 na Dragon Rapide 6, ndege za mbao na turubai zisizozidi abiria 8, baadaye ikaleta DC-3 zilizo kubwa zaidi. Ilipovunjika 1977 ikazaliwa Air Tanzania, iliyotumia Fokker F27 na Twin Otter za viti 19. Lakini miaka hiyohiyo ya 1970 lami ya TANZAM, barabara ya Tanzania hadi Zambia, na reli ya TAZARA zilikwishafika, na abiria akawa na njia nyingine ya bei nafuu.

Sasa huo mlima, yaani urefu wa nchi, unavyokula viti. Uwanja wa zamani wa Mbeya uko mita 1,700 hivi. Joto likiwa nyuzi 25, hewa yake huwa nyepesi kana kwamba uko mita 2,500. Injini ya pistoni isiyo na turbo hupoteza hapo karibu robo ya nguvu, bawa nalo hudai mwendo mkubwa zaidi kabla ya kunyanyua.

Marubani wa ndege ndogo wana kanuni yao: kila mita 300 za kupanda, ongeza asilimia 10 ya umbali ambao ndege inahitaji uwanjani ili iruke, kila nyuzi 10 za joto juu ya kiwango cha kawaida kinachohesabiwa kwa kimo hicho, asilimia 10 tena, nyasi zilizolowa, asilimia 30. Na unazidisha, hujumlishi. Hapo ndipo wengi hukosea. Ndege inayohitaji mita 500 pwani kwenye ubaridi, ipeleke mita 1,200 juu, joto liwe nyuzi 27, yaani kama 20 juu ya kiwango cha kimo hicho, nyasi ziwe zimelowa: zinakuwa mita 1,150. Kama uwanja una mita 1,000, kitu lazima kishuke. Mafuta ya safari na ya akiba huwezi kuyashusha, kwa hiyo anashuka mtu. Kila kilo 100 ni abiria na begi lake.

Caravan ina injini ya turbini, si ya pistoni, ina nguvu, lakini nayo ina jedwali lake la uzito, linaloonyesha inaweza kuruka na kilo ngapi kwa kimo na joto fulani. Kwa saa moja hula lita 200 hivi za Jet A-1, mafuta yake ya ndege, na lita 100 ni kilo 80. Kutoka Mbeya hadi Dar ni zaidi ya saa mbili, kwa hiyo mafuta yenyewe ni watu kadhaa waliokaa kimya ndani ya bawa.

Vumbi na kokoto nazo zina gharama zake. Kwenye changarawe rubani hapaswi kusimama na kuvuta nguvu yote, maana propela hunyonya mawe na makali yake yakachongeka. Huachia breki, ndege ianze kutembea, kisha huongeza nguvu polepole. Mchongeko hata mdogo kama ukucha, fundi huuchonga na kuulainisha mara moja, kwa kuwa ndipo ufa huanzia. Mafuta ya pipa huachwa yatulie, pampu isiguse chini, yachujwe, kisha hutolewa kidogo kwenye chupa angavu: maji hukaa chini kama ushanga. Ukiona ushanga, unamwaga na kuchota tena hadi uishe.

Uwanja mpya wa Songwe, nje ya Mbeya, ulifunguliwa 2012, ukiwa chini kuliko uwanja wa zamani na wenye njia ndefu, ndege kubwa zikaja na nauli za Dar zikaondoka mikononi mwa wadogo. Walichobakiwa nacho zaidi ni safari za hifadhini Ruaha, mashamba ya chai na wagonjwa wa dharura. Kazi njema, lakini haina abiria wa kila siku.

Wenzako wakikuletea hesabu zao za njia ya Iringa, tazama kwanza safari ya saa nane mchana. Kama wameuza viti vyote 12, warudishie, waulize jedwali la uzito linasemaje kwa joto la saa hiyo. Ya saa moja asubuhi hewa ni nzito na ndege hubeba zaidi, ila waiwekee nafasi ya kusubiri ukungu uinuke.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako