Kofia anavaa, mengine anasema ni hiari yake

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu hutoka Pongwe kwenda kazini Tanga mjini kwa pikipiki. Kofia anavaa kwa kuwaogopa trafiki, lakini jaketi, glavu na viatu vya maana hataki. Anasema mwili ni wake, na hata Ulaya hayo ni hiari. Asubuhi humpakia binti yetu wa miaka 5 juu ya tangi ampeleke shule. Nimefikiria kumfichia funguo mpaka akubali. Nakosea? Mama Z., Pongwe*

Marahaba mwanangu. Funguo usimfichie, utamfanya alichukie jaketi kabla hajalijaribu. Ila kuhusu mtoto hakuna cha hiari, na ndiko tuanzie.

Mtoto wa tangini hana pa kushika wala pa kukanyaga. Breki ikikamatwa ghafla anatangulia yeye kugonga usukani, na baba yake anamwangukia kwa nyuma na uzito wake wote. Kofia ya mtu mzima inamzunguka tu kichwani, haimsaidii. Atapanda pikipiki, tena nyuma, siku miguu yake itakapofika kwenye vikanyagio na mikono iweze kumkamata baba kiunoni, akiwa na kofia ya saizi yake. Kwa miaka 5 bado sana. Apelekwe kwa daladala au kwa miguu, na mumeo akibisha, hili lifikishe kwa wazee.

Sasa yeye mwenyewe. Kuhusu Ulaya ana nusu ya ukweli. Uingereza sheria inadai kofia tu. Lakini Ubelgiji tangu 2011 inadai pia glavu, jaketi la mikono mirefu, suruali ndefu na viatu vinavyofunika vifundo, na Ufaransa ililazimisha glavu mwaka 2016. Huku kwetu trafiki wanakagua kofia, na wana sababu: tafiti zilizokusanywa na Cochrane, mtandao wa watafiti wa mambo ya afya, zilionyesha kofia hupunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69.

Hiyo kofia yake nayo ikague. Aivae, afunge mkanda, kisha ishike kwa nyuma uisukume juu kuelekea mbele. Ikivuka kichwa, ni kubwa. Tazama ndani lile povu gumu jeupe: likiwa na ufa au limebonyea, kofia imekwisha kazi hata kama nje inang'aa, maana povu hulinda kwa kubonyea, na likishabonyea halirudi.

Mengine anayakataa kwa joto, muulize utasikia. Na hapo simlaumu. Majaketi mengi ya mitumba ni ya nailoni yenye sponji, yameshonwa kwa nchi za baridi. Tanga ya Januari unachemka ndani yake, na ukiburuzwa kwenye lami nailoni nyepesi huyeyuka ikagandia kidondani. Mtafutie jaketi la wavu: kifuani na mgongoni matundu ya kupitisha upepo, mabegani na viwikoni kitambaa kizito chenye pedi ndani. Pedi ya kweli imeandikwa EN 1621-1, yaani kipimo cha Ulaya cha pedi za kukinga viungo. Akunje mikono kama ameshika usukani, kisha uisukume pedi ya kiwiko. Ikizunguka, jaketi ni kubwa, na siku ya kuanguka kiwiko kitabaki wazi.

Kama hela ni ndogo, anza na glavu. Anayeanguka hutanguliza viganja bila kufikiri, na mwenye viganja vyote viwili kwenye bandeji hali mwenyewe, haogi mwenyewe, chooni anasindikizwa. Wa kumhudumia ni wewe. Mwambie hivyo kwa utulivu, baada ya chakula, maana hilo la "mwili ni wangu" linakugusa na wewe. Glavu iwe ya ngozi kiganjani, yenye kamba ya kubana kwenye kifundo cha mkono. Ivute kwa ncha za vidole: ikichomoka, na lami itaichomoa. Ahakikishe anafikia breki na klachi bila kuhangaika.

Miguuni, kandambili hapana, na gambuti hapana pia, huchomoka. Buti fupi la ngozi lipite kifundo, kamba zichomekwe ndani zisinase kwenye gia. Jinzi ya kawaida itamkinga na joto la ekzozi, lakini kwenye lami hutoboka ndani ya sekunde moja, wakati kipimo cha Ulaya cha EN 13595 kilitaka nguo ivumilie angalau sekunde 4 sehemu za magoti na nyonga. Kwa hiyo akipata pedi za magoti za kufunga juu ya suruali, azivae.

Muulize pia jaketi ataliweka wapi akifika kazini. Wengi huliacha nyumbani kwa kukosa pa kulitundika tu. Kufuli la waya la baiskeli, lipitishwe kwenye mkono wa jaketi, kwenye mkanda wa kofia, kisha kwenye fremu ya pikipiki, linatosha.